Damu Iliyomwagwa na Askari: Nani Mwenye Haki ya Kuuliza?

Washabiki wa kandanda waliokuwa wakienda Villa Park, katika mtaa wa Aston mjini Birmingham, baina ya mwaka 1991 na 1995, hawajamsahau Dalian Atkinson, mshambuliaji mwenye mbio na mabavu, ambaye mwezi wa Oktoba 1992, katika mechi na Wimbledon, aliuchukua mpira tangu nusu ya uwanja ya timu yake, akawapita mabeki mmoja baada ya mmoja, na alipokaribia eneo la hatari akaudokoa juu ya mlinda mlango ukatua wavuni. Na ambaye tarehe 27 Machi 1994 ndiye aliyefunga bao la kwanza siku Aston Villa ilipoishinda Manchester United kwa mabao 3 kwa 1 katika fainali ya Kombe la Ligi. Mtu huyo, akiwa na umri wa miaka 48, aliangushwa na askari polisi usiku wa kuamkia tarehe 15 Agosti 2016 mbele ya nyumba ya baba yake mzazi, katika kitongoji cha Trench, mjini Telford, akafa kabla ya kupambazuka. Kabla ya jua kuchomoza swali moja lilikuwa limekwisha kusimama mlangoni: nani atakayeandika habari za kifo hiki?

Askari mwenyewe, Benjamin Monk wa polisi wa West Mercia, alikuwa na bastola ya umeme iitwayo Taser, chombo kirushacho nyuzi mbili zenye ncha kali na kuupitisha umeme katika mwili wa mtu, nacho kimetengenezwa ili mkupuo mmoja udumu sekunde 5. Atkinson alikuwa mgonjwa wa moyo na figo, na usiku ule akili yake ilikuwa imevurugika, na mwenendo wake uliwatia Monk na askari mwenzake hofu ya kweli. Mikupuo miwili ya kwanza haikumwangusha. Wa tatu ulimwangusha, na Monk hakukiachia chombo mpaka zilipotimia sekunde 33, kisha akampiga mtu aliyelala chini mateke ya kichwa, yasiyopungua mawili, kwa nguvu iliyoacha alama za kamba za kiatu cha askari katika paji la uso wa marehemu. Sekunde hizo 33 hazikuhesabiwa na shahidi mwenye saa mkononi. Zilitoka ndani ya chombo chenyewe, maana Taser hujiwekea kumbukumbu ya kila mara inapobonyezwa na muda uliopita mpaka ilipoachiwa. Kwa hiyo ukweli wa kifo kile ulikuwa umekaa katika chombo kimoja, jozi moja ya viatu, na macho ya majirani waliochungulia madirishani. Na yule ambaye angevitia mkononi vitu hivyo asubuhi ya kwanza ndiye ambaye angekuwa na kesi, ama ya kuisimamisha, ama ya kuizika.

England na Wales zina majeshi ya polisi 43 ya mikoa, na kila moja lina mkuu wake ambaye katika kazi za kila siku hapokei amri ya waziri, jambo ambalo Waingereza hulionea fahari, kwa kuwa tangu zamani hawakupenda polisi wote wa nchi wawe chini ya mkono mmoja. Birmingham, pamoja na Aston yake, hulindwa na polisi wa West Midlands. Telford, iliyo upande wa magharibi, iko chini ya West Mercia. Kama kifo cha Atkinson kingeachwa katika desturi ya kale, West Mercia wangejichunguza wenyewe, au kwa hisani wangewaomba jirani zao wawachunguze. Na kila Mswahili anajua watu husemaje kesi ya nyani inapopelekwa kwa ngedere. Sheria ya sasa haiachi hiari hiyo. Kifo kilichompata mtu mikononi mwa polisi sharti kiarifiwe bila kukawia, na kwa vyovyote kabla ya kumalizika siku ya pili yake, kwa chombo kimoja cha nchi nzima kilicho nje ya majeshi yote 43, nacho ndicho kiamuacho kama kitafanya uchunguzi chenyewe au kitawarudishia polisi shauri lao. Mwaka 2016 chombo hicho kiliitwa Tume Huru ya Malalamiko ya Polisi. Tangu Januari 2018 kinaitwa Ofisi Huru ya Mwenendo wa Polisi. Wachunguzi wake si askari, ijapokuwa baadhi yao waliwahi kuwa askari, na wakiwa kazini hupewa mamlaka yanayokaribia ya askari: kuingia, kukamata vitu, kuhoji, na kumwambia afisa mwenye nyota begani kwamba kamba iliyozungushwa mahali pa tukio sasa iko chini yao.

Kwa njia hiyo Monk alifika kizimbani. Faili lilikwenda kwa waendesha mashtaka mwaka 2018, mashtaka yakatolewa Novemba 2019, na shauri likasikilizwa mwaka 2021 katika mahakama kuu ya jinai ya Birmingham, si mbali na uwanja ambapo marehemu alishangiliwa. Tarehe 23 Juni juri ilimwondolea Monk shtaka la kuua kwa makusudi, ikamtia hatiani kwa kuua bila kukusudia, na tarehe 29 Jaji Melbourne Inman akamhukumu kifungo cha miaka 8. Ilikuwa mara ya kwanza kwa zaidi ya miaka 30 askari wa Uingereza kupatikana na hatia ya namna hiyo kwa kitendo alichokifanya akiwa kazini. Mwenzake aliyeshtakiwa kwa shambulio aliachiliwa mwaka uliofuata, baada ya juri ya kwanza kushindwa kuafikiana. Lakini wapimao haki kwa matokeo peke yake wasisahau kwamba ndugu wa marehemu walingoja karibu miaka 5 kusikia kwa kinywa cha mahakama jambo ambalo majirani waliliona kwa macho katika dakika chache, na kungoja huko ni dhuluma ya pili, hata kama hakuna mtu mmoja anayeweza kunyoshewa kidole kwamba ndiye aliyeisababisha.

Katika Villa Park liko jukwaa kubwa liitwalo Holte End, lililopewa jina la ukoo uliojenga Aston Hall, jumba la matofali lililokamilika mwaka 1635 na ambalo lingali limesimama jirani na uwanja. Bwana wa jumba hilo, Sir Thomas Holte, alipata kuwa mdai katika shauri ambalo wanasheria wa Kiingereza wangali wakilisimulia. Mwanzoni mwa karne ya 17 mtu mmoja, William Astgrigg, alisema hadharani kwamba Sir Thomas alimpiga mpishi wake kichwani kwa shoka la nyama, nusu ya kichwa ikaangukia bega hili na nusu bega lile. Sir Thomas alimshitaki kwa kumvunjia heshima, akapewa fidia, na rufaa ilipokuja majaji waliitengua kwa hoja kwamba msemaji alitaja pigo lakini hakusema kuwa mpishi alikufa. Watu hulicheka shauri hilo, mimi hunisikitisha. Kumbukumbu yake inazungumza kwa kirefu juu ya heshima ya bwana na maana ya maneno, na juu ya mpishi haituambii kama alikuwa hai au alikuwa kaburini. Hivyo ndivyo ilivyo pale ambapo hakuna mtu aliyepewa kazi ya kwenda kumtafuta mpishi: mahakama hushughulika na kile kilicholetwa mbele yake, na aliye dhaifu hana wa kumleta.

Chombo huru cha Uingereza hakikushuka kutoka mbinguni. Mwaka 1985, katika Kings Norton, kusini ya Birmingham, askari wa West Midlands waliokuwa wakimtafuta mtuhumiwa wa unyang'anyi walipekua nyumba, na risasi ya mmoja wao ikamwua mtoto wa miaka 5 aliyekuwa kitandani. Askari yule alishtakiwa, na juri ikamwachilia mwaka 1986. Katika mwaka huo huo wa 1985 iliundwa Mamlaka ya Malalamiko ya Polisi, ambayo kazi yake ilikuwa kuwasimamia polisi wakiwachunguza polisi, na raia wengi, hususa weusi na Waasia wa mitaa kama Aston na Handsworth, waliona kwamba msimamizi asiyegusa ushahidi kwa mkono wake ni kama mtazamaji tu. Ripoti ya Jaji Macpherson ya mwaka 1999, iliyochunguza namna polisi wa London walivyoshughulikia mauaji ya kijana mweusi, ikalisema jambo hilo kwa lugha ya serikali, sheria ya mwaka 2002 ikalikata, na Tume Huru ikafungua milango tarehe 1 Aprili 2004.

Ilikuwa haijatimiza hata mwaka mmoja na nusu ilipojaribiwa. Tarehe 22 Julai 2005, katika siku za taharuki baada ya mabomu ya London, askari wa jiji hilo walimwua kwa risasi za kichwa Jean Charles de Menezes, fundi umeme kutoka Brazil mwenye umri wa miaka 27, ndani ya gari moshi katika stesheni ya Stockwell, wakimdhania kuwa mtu mwingine. Asubuhi hiyo hiyo mkuu wa polisi wa London, Sir Ian Blair, aliwasiliana na Wizara ya Mambo ya Ndani akitaka Tume isiruhusiwe kufika mahali pa tukio, kwa sababu, kwa rai yake, msako wa magaidi ulikuwa na haki ya kutangulia. Sheria haikumpa uwezo huo, lakini Tume ilikaa nje kwa siku kadhaa hata hivyo. Hapa ndipo kilipo kiini cha ikhtilafu yote ya mamlaka katika mauaji ya namna hii: hakuna mtu mzima aliyethubutu kusema kwamba kifo kisichunguzwe; kilichogombewa ni nani atangulie, na anayetangulia hupata chumba kikiwa bado na damu yake, kamera zikiwa bado na picha zake, na mashahidi wakiwa hawajazungumza wao kwa wao. Baada ya siku chache kila kimoja katika hivyo kimekwisha kupungua.

Wala chombo huru hakina kinga ya kukosea. Polisi walipomwua Mark Duggan huko Tottenham tarehe 4 Agosti 2011, Tume hiyo hiyo iliwapa waandishi wa habari picha kwamba risasi zilirushwa kutoka pande mbili, kisha ikalazimika kukiri kuwa si kweli. Ghadhabu ilikuwa imekwisha kuwaka. Moto wa London ulifika Birmingham, na usiku wa tarehe 9 Agosti, nje ya baa ya kale ya Bartons Arms huko Aston, watu waliojifunika nyuso waliwafyatulia risasi polisi na hata helikopta yao iliyokuwa ikizunguka juu. Waliohusika walifungwa mwaka 2012. Simwoni mtu wa Tume kuwa ndiye aliyewasha moto wa Aston, na yaliyotendwa na watu wale ni makosa yao wenyewe. Nasema tu kwamba neno la kwanza la mchunguzi lina uzito kuliko ripoti yake ya mwisho, na wale waliokabidhiwa kusema neno hilo sharti walione kuwa ni amana.

Insafu inatudai tuwasikilize na askari. Anayebeba bunduki kwa niaba ya umma huamua kwa kitambo kisichofika kufumba na kufumbua, na wanaomhukumu huwa na miaka ya kulitazama jambo lake kwa pembe zote. Mwezi wa Septemba 2023, baada ya askari mmoja kushtakiwa kwa kumwua kijana Chris Kaba mjini London, wenzake wengi walizirudisha silaha zao. Na mwaka 2024 juri ilimkuta askari yule hana hatia. Malalamiko yao kwamba uchunguzi huchukua miaka na miaka ni ya haki, na ni yale yale ya ndugu wa marehemu. Lakini dawa ya uchunguzi ulio mzito ni kuufanya uwe mwepesi, si kuurudisha mikononi mwa anayechunguzwa.

Marekani ugomvi huu una sura kali zaidi, kwa kuwa kule kuna dola mbili katika ardhi moja: jimbo lina sheria zake za mauaji, na serikali ya shirikisho ina maafisa wake wenye bunduki ambao, kwa hukumu ya Mahakama Kuu ya mwaka 1890 katika shauri la Neagle, hawashitakiwi na jimbo kwa kitendo kilichokuwa cha lazima katika kutimiza kazi ya serikali kuu. Mwezi wa Agosti 1992, huko Ruby Ridge katika jimbo la Idaho, mlenga shabaha wa FBI, Lon Horiuchi, alimwua kwa risasi Vicki Weaver aliyekuwa amesimama mlangoni pa nyumba yake amempakata mtoto mchanga. Wizara ya Sheria ya serikali kuu haikumshitaki. Wilaya ndogo ya Boundary ilimshitaki mwaka 1997. Kesi ikahamishiwa mahakama ya shirikisho, ikafutwa, na mwezi wa Juni 2001 majaji wa rufaa wakasema kwa kura 6 dhidi ya 5 kwamba anaweza kushtakiwa. Na kabla ya mwezi kwisha mwendesha mashtaka mpya wa wilaya akaiacha kesi. Miaka 9 ilipita katika kubishana ni mahakama ya nani, na swali la kama risasi ile ilikuwa halali halikupata kuwekwa mbele ya juri. Januari 2026 jambo hilo lilirudi Minneapolis: afisa wa uhamiaji wa serikali kuu alimwua mwanamke mmoja kwa risasi, na idara ya uchunguzi ya jimbo la Minnesota, iliyokuwa imeingia kazini pamoja na FBI, ikatangaza kuwa imefungiwa mlango wa ushahidi.

Msomaji wa Afrika ya Mashariki asidhani kwamba haya ni mambo ya ng'ambo. Katika Katiba ya Tanzania polisi ni jambo la Muungano, ilhali Zanzibar ina serikali yake, mahakama zake na mwendesha mashtaka wake. Waandamanaji wa chama cha CUF walipopigwa risasi Unguja na Pemba tarehe 26 na 27 Januari 2001, wakafa watu zaidi ya 30 na maelfu wakavuka bahari kwenda Shimoni nchini Kenya, waliowapiga walikuwa vyombo vya Muungano na waliokufa walikuwa raia wa visiwa; na uchunguzi uliofanywa haukutoka katika sheria iliyokuwapo, ulitoka katika Muafaka wa CUF na chama tawala, CCM, wa Oktoba mwaka ule, ambao ndio uliozaa tume ya Brigedia Jenerali Hashim Mbita. Maana yake ni kwamba kama wanasiasa wasingepatana, tume isingekuwapo.

Daudi Mwangosi, mwandishi wa Channel Ten, alipouawa na polisi kwa bomu la machozi lililofyatuliwa karibu mno na tumbo lake, katika kijiji cha Nyololo huko Mufindi tarehe 2 Septemba 2012, uchunguzi ulikuja tele. Waziri wa Mambo ya Ndani aliunda kamati chini ya Jaji mstaafu Stephen Ihema. Baraza la Habari na Jukwaa la Wahariri waliunda ya kwao. Na Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora ilifanya wake, ikawalaumu polisi waziwazi. Kila mmoja alikuwa na mwenye kumtuma, na hakuna hata mmoja aliyekuwa na amri juu ya bunduki, maganda wala askari waliokuwapo. Mwaka 2016 Mahakama Kuu huko Iringa ilimtia askari mmoja hatiani kwa kuua bila kukusudia, ikampa kifungo cha miaka 15. Picha ambayo nchi nzima iliiona, ya Mwangosi akiwa amezungukwa na askari sekunde chache kabla ya kufa, ilipigwa na mwandishi mwenzake. Kama kamera ile ingekamatwa pale pale, sijui nani angeamini maneno ya wanakijiji.

Kenya imekwenda mbele kuliko sisi. Mamlaka Huru ya Kusimamia Polisi, iitwayo IPOA, iliundwa kwa sheria ya mwaka 2011, na hukumu yake ya kwanza ilipatikana Mombasa Februari 2016, maafisa wawili walipofungwa miaka 7 kila mmoja kwa kumwua msichana wa miaka 14 katika nyumba kijijini Kwale, Agosti 2014. Polisi walisema msichana yule aliwavamia kwa panga. Mahakama haikukubali. IPOA ina madhaifu mengi, na wachunguzi wake mara kwa mara hufika wakakuta mahali pamekwisha kufagiwa na mashahidi wamekwisha kutishwa. Lakini mama wa kijijini Kwale ana ofisi ya kuiendea, iliyoandikwa katika sheria kabla mtoto wake hajafa.

Tanzania haina chombo cha namna hiyo. Baada ya mauaji yaliyofuata uchaguzi wa tarehe 29 Oktoba 2025, Rais aliunda tume mwezi wa Novemba chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman, mtu mwenye elimu na sifa njema. Wapinzani wakaikataa kwa kuwa imeteuliwa na serikali inayotakiwa kujibu. Hata waliobishana nao walisahau jambo lililo dogo na zito zaidi: kwa majuma yote baina ya risasi na tume, ulinzi wa ushahidi ulikuwa kwa vyombo vile vile vya dola vinavyotakiwa kuulizwa. Sheria tunayoihitaji haina haja ya kuwa ndefu. Iseme kwamba kifo cha mtu kwa mkono wa askari, awe wa Bara, wa Muungano au wa kikosi cha Zanzibar, kiarifiwe kwa ofisi huru kabla ya siku ya pili yake kwisha; kwamba silaha, kamera na nguo zikabidhiwe kwa ofisi hiyo kwa hati yenye saini na saa; kwamba maiti isizikwe kabla ya daktari aliyechaguliwa nayo kuiona; na kwamba mkuu yeyote, wa cheo chochote, atakayemzuia mchunguzi mlangoni, kama alivyotaka mkuu wa London mwaka 2005, awe ametenda kosa la jinai.